Ngiri na Nyumba ya Vichuguu Kumi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu walioshiba. Sogeeni huku. Na wewe uliyekalia kuni zangu, inuka. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, wakati vichuguu vilikuwa na wenyewe, na wanyama wakipatana bei kama mama zenu gulioni, paliondokea Ngiri.

Ngiri mnamjua. Yule nguruwe wa porini mwenye meno yaliyopinda nje ya mdomo na vinundu usoni, akila majani hupiga magoti kama mtu anayeomba radhi, akikimbia mkia unasimama wima. Huyohuyo. Mkewe aliitwa Bi Mashavu, na jina hilo hakupewa na adui. Alikuwa na mashavu ya kuwatosha wanyama watatu, na ulimi wa kuwatosha wanne.

Sasa Bi Mashavu alikuwa mjamzito, tena si mimba ya jana. Tumbo lilikuwa limeshuka hata likawa linafagia njia. Na nyumba hawakuwa nayo! Walikuwa wakilala chini ya kichaka cha miiba, na kichaka chenyewe kimetoboka toboka, mvua ikinyesha aliye ndani analoa kuliko aliye nje.

Mwaka uliotangulia Bi Mashavu alizaa watoto wawili kichakani hapo. Masika yakawakuta bado wachanga, na baridi haikumbakishia hata mmoja. Alilia sana. Ngiri naye alilia, ila alikwenda kulia mbali, akasema anatafuta mizizi. Hiyo ndiyo sababu ya safari zote ninazowasimulia leo. Mtacheka, najua mtacheka, lakini msilisahau jambo hilo.

Asubuhi moja Bi Mashavu akasema, "Mume wangu, mwaka huu sizai kichakani. Nataka nyumba ya chini ya ardhi, yenye paa juu na mlango mbele."

"Utaipata, mke wangu."

"Lini?"

"Bei ikiwa nzuri."

Bi Mashavu akamtazama. Akalitazama tumbo lake. Akamtazama tena.

Basi katika nyika yote ile fundi wa nyumba za chini ya ardhi alikuwa mmoja tu, naye ni Muhanga. Masikio marefu ya punda, pua ndefu, na makucha ambayo akiyatia ardhini unaona udongo tu unaruka. Mchana hulala, jioni huamka. Chakula chake ni mchwa, na baada ya mchwa ni mchwa. Lakini jamani, macho! Muhanga alikuwa haoni mbali. Akitafuta kichuguu cha mchwa hukutana na jiwe, akaliramba jiwe, akalitukana, akaenda kuramba jingine. Kwa hiyo nyumba zake hakuziuza kwa mahindi wala kwa asali. Aliuza kwa vichuguu. Ukimpeleka kwenye vichuguu vilivyonona, ukamfikisha mpaka pua iguse, basi vichuguu ni vyake na nyumba ni yako.

Ngiri, kwa kushinda amepiga magoti pua ikiwa chini, alikuwa amevigundua vichuguu kumi vilivyonona ajabu. Hakumwonyesha mtu. Akipita karibu navyo alikuwa anatazama pembeni, asije mtu akamfuata macho.

Kiangazi kilikuwa kimekolea walipokwenda kwa fundi, mume na mke. Kwenye mteremko wa Muhanga palikuwa na nyumba tatu mpya, milango wazi, udongo mwekundu umemwagwa mbele.

"Hodi, fundi!"

"Karibuni, karibuni wateja! Tazameni, kutazama hakuna bei."

Bi Mashavu hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitia kichwa katika nyumba ya kwanza, akatia mabega, akabaki nje mkia tu. Sauti yake ikatoka humo shimoni: "Lo! Pana joto! Pakavu! Humu nazaa hata leo!"

Ngiri akamvuta mkia. Mke gani huyu? Ukiisifia mali mbele ya mwenyewe, umekwisha.

"Bei gani, fundi?" akauliza, huku akiangalia mawingu, kama mtu aliyepita tu.

"Vichuguu kumi."

Kumi! Moyo wa Ngiri uliruka. Kumi anavyo. Anavyo kamili, wala hahitaji kukopa kwa shemeji. Angesema "haya" tu, na mimi saa hii ningekuwa nimelala. Lakini kulipa bei ya kwanza? Kwa kina Ngiri hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Babu mmoja wa ukoo wao aliwahi kununua dimbwi la matope kwa bei ileile aliyotajiwa, na mpaka siku hizo wajukuu wake waliitwa Wale wa Bei ya Kwanza, na binti zao hawaposwi.

"Sita," akasema Ngiri.

"Ndugu yangu, ardhi ya kiangazi hiki ni jiwe. Hebu tazama makucha yangu yalivyolika. Kumi."

"Sita na shukrani juu."

"Shukrani sili. Kumi."

"Basi tena. Bei haituwezi. Twende zetu, mke wangu."

Hapa ngojeni niwaeleze mila ya kina Ngiri, ingawa najua mnaijua. Mnunuzi akishindwana na muuzaji humpa kisogo. Anaondoka, lakini anaondoka polepole. Muuzaji naye anamwacha afike mbali kidogo, kisha anapaza sauti: "Wee, njoo basi! Una ngapi?" Hapo bei imevunjika mgongo. Na msiniangalie hivyo! Nani hapa hajawahi kukiacha kitenge mezani, akaondoka miguu inakwenda na masikio yamebaki nyuma?

Basi Ngiri akaondoka. Mguu mmoja sasa, mguu wa pili baada ya chai. Masikio kayageuza nyuma yote mawili. Na ili fundi ajue kuwa mteja anapotea, akaimba:

"Naenda zangu, naenda zangu,
asiyeniita shauri yake!
Nikifika mbali sirudi,
asiyeniita shauri yake!"

Muhanga kimya.

Kobe akawafikia kwa nyuma. Akawa sambamba nao. Akawapita. "Jirani," akasema, "mbona hivyo, unaumwa miguu?"

"Napatana bei," akanong'ona Ngiri.

"Na nani? Simwoni mtu."

"Pita, Kobe. Pita!"

Kobe akapita, akapotea mbele, na Muhanga hajaita. Kumbe huku nyuma Nungunungu kafika mteremkoni. Wakamsikia: "Bei gani?" "Kumi." "Haya." Na nyumba ya kwanza ikawa yake.

Ngiri alicheka mpaka vinundu vikatikisika. "Umesikia? Haya! Eti haya! Wajinga ndio waliwao!"

"Mjinga leo analala ndani," akasema Bi Mashavu.

Juu ya mti ulioinamia kichaka chao alikuwa akikaa Kekeo. Huyo ni ndege mwenye sauti kubwa ambaye tangu azaliwe hajashika hata ujiti mmoja akajenga. Yeye hutaga yai katika kiota cha mwingine, akaenda zake. Kwa sababu hiyo alijiona anazijua nyumba kuliko wote, maana amekwisha kupita za kila mtu.

"Umefanya vyema kuondoka, Bwana Ngiri," akasema kutoka juu. "Subira yavuta heri. Sasa hivi ardhi ngumu, nyumba ghali. Mvua ikinyesha udongo utalainika. Udongo ukilainika, Muhanga atachimba nyumba mpaka achoke mwenyewe. Nyumba zikizagaa, bei itashuka. Itashuka tu! Itashuka tu!"

Ngiri aliyasikia maneno hayo yakamteremka kooni kama uji wa asali. Kila alichokuwa anakitaka kilikuwa kimesemwa na mtu mwingine.

"Kekeo," akauliza Bi Mashavu, "wewe kwako ni wapi?"

"Kwangu?"

"Nyumba yako. Iko wapi?"

"Aa, mimi, mama, ni mtaalamu."

"Mume wangu," akasema Bi Mashavu, "ngoja ngoja huumiza matumbo. Na tumbo lenyewe ndilo hili."

Ngiri akakoroma. Usingizi ulikuwa umemchukua, anatabasamu.

Wakangoja. Majani yakakauka, wakangoja. Upepo ukageuka, wakangoja. Mwishowe mvua ya kwanza ikapiga, ardhi ikanukia, na Ngiri akaruka juu. "Udongo umelainika! Twende tukachukue nyumba kwa vichuguu sita!"

Wakaenda. Walimkuta Muhanga ameketi mbele ya mlango, tumbo mbele, mdomo wazi. Na kumbikumbi, watoto wangu! Mnajua mvua ya kwanza inavyowatoa. Walikuwa wanatoka kila tundu wakiruka makundi kwa makundi, na Muhanga hafanyi lolote ila kufumbua mdomo na kuufumba.

"Hodi, fundi. Bei gani leo?"

Muhanga akameza. "Kumi na vitano."

"Ngapi?"

"Vichuguu kumi na vitano."

"Lakini udongo umelainika!"

"Umelainika, ni kweli," akasema Muhanga. "Na mimi nimeshiba, vilevile ni kweli. Fundi aliyeshiba hachimbi. Sijachimba hata shimo moja tangu mvua ianze. Nyumba zimebaki mbili, wanaozitaka wameongezeka, na vichuguu vyako nivifanyie nini? Chakula kinakuja chenyewe mdomoni." Akafumbua mdomo, kumbikumbi wakaingia, akaufumba.

Ngiri akahisi vichuguu vyake kumi vinanywea, kama vile mtu amevikanyaga. Bi Mashavu akamnong'oneza, "Sema una kumi mkononi. Vitano tutavitafuta pamoja, hata kwa tumbo hili nitakusaidia."

"Nitasema akiniita."

"Akikuita? Kwani tunaondoka tena?"

"Sita, fundi!" akasema Ngiri kwa sauti.

Muhanga alidhani hakusikia vizuri. "Kumi na vitano."

"Basi tena. Bei haituwezi."

Akampa kisogo. Safari hii aliondoka kwa ufundi zaidi. Alisimama kutoa mwiba ambao haumo. Akainama kuokota kitu ambacho hakijaanguka. Akakohoa. Akarudi hatua mbili kama aliyesahau fimbo, na ngiri gani ana fimbo? Haya, mwimbieni na ninyi, nasikia koo zenu zinawasha:

"Naenda zangu, naenda zangu,
asiyeniita shauri yake!
Nikifika mbali sirudi,
asiyeniita shauri yake!"

Muhanga kimya. Alisimama tu mlangoni akiwatazama kwa huruma.

Wakakutana na Mbweha anapanda mteremko, mkewe nyuma, watoto nyuma ya mkewe. Nyumba ya pili ikawa ya Mbweha kwa vichuguu kumi na vitano. Ngiri hakucheka. Alijaribu, cheko likamkwama.

Kekeo alikuwa anawangoja tawini. "Mmesikia kumi na vitano? Safi sana. Ni dalili njema hiyo. Aliye juu mngoje chini! Bei iliyopanda hivyo itakwenda wapi tena, kama si kushuka? Itashuka tu! Itashuka tu!"

"Na wewe uliye juu," akasema Bi Mashavu, "hebu shuka nikuonyeshe chini palivyo."

Kekeo akahamia tawi la juu zaidi.

Masika yakaingia kwa miguu yote. Kichaka kikalala. Ngiri alikisimamisha, kikalala tena. Akakiegemeza kwa mgongo wake mwenyewe, akakesha hivyo, maji yanamtiririka mpaka puani, huku akijiambia kesho bei itashuka, kesho kutwa bei itashuka. Bi Mashavu alikuwa hasemi kitu. Na mke mwenye ulimi wa wanyama wanne akinyamaza, ogopa.

Alasiri moja, mvua ikiwa imepumzika kidogo, akasema taratibu, "Mume wangu, wanakuja."

"Nani wanakuja?"

"Watoto."

Ngiri akapigwa na ubaridi uliotoka ndani, si wa mvua. Akawakumbuka wale wawili. Akakumbuka walivyokuwa wadogo, akakumbuka alivyowafunika kwa majani mabichi kwa sababu makavu hayakuwepo. Akaona haya, haya ya kweli, siyo ile ya bei ya kwanza.

"Inuka, mke wangu, niegemee," akasema. "Leo nalipa. Atakachotaja nalipa. Nikipungukiwa nitamtafutia kimoja kimoja mpaka nife."

Njia nzima akawa anajifundisha: "Haya, fundi. Haya, fundi. Haya, fundi." Neno jepesi kabisa. Hata Nungunungu aliliweza.

Muhanga aliwapokea njiani, akawapeleka mpaka nyumba ya mwisho, akasimama upande wa njia, Ngiri akabaki kati yake na mlango. "Imebaki hii moja," akasema. "Vichuguu ishirini. Na mfanye haraka, Fisi kaniambia anapita jioni hii kuitazama."

Bi Mashavu akajilaza pembeni mwa njia, anapumua kwa taabu. Ngiri akajaza hewa kifuani. Akafumbua mdomo aseme, haya, fundi.

"Sita!" ukasema mdomo.

Bi Mashavu akafumba macho. Ngiri mwenyewe akageuka kutazama ni nani huyo aliyesema. Hakuona mtu.

"Ishirini," akasema Muhanga.

"Basi tena," ukaendelea ule mdomo, maana ulishazoea njia yake, "bei haituwezi."

Loo! Masikini Ngiri. Miguu nayo ikaanza kuondoka kwa mazoea. Lakini alipotaka kugeuka, wazo likamjia, na kwa mtu aliyechanganyikiwa wazo lolote ni zuri. Labda, akajiambia, labda kina Muhanga hawaiti kwa mdomo. Labda huita kwa mkono! Siku zote fundi amekuwa akinipungia mkono nirudi, na mimi nimempa kisogo, sioni!

Kwa hiyo hakugeuka. Aliondoka kinyumenyume. Uso kwa Muhanga, macho yamemtoka, hapepesi, anatafuta hata kidole kikitikisika. Hatua moja nyuma.

"Naenda zangu, naenda zangu..."

"Unakwenda wapi wewe?" akalia Bi Mashavu.

"Nyamaza, mke wangu, naondoka." Hatua ya pili.

"Asiyeniita shauri..."

"Angalia nyuma!"

"Nikiangalia nyuma sitamwona!" Hatua ya tatu.

Pu!

Ngiri kaingia shimoni makalio kwanza. Katika nyumba yenyewe! Katika nyumba ya mwisho! Akateleza, akazama, akakwama mlangoni, kilichobaki kuonekana ni uso na yale meno yaliyopinda, moja huku, moja huku. Tope likamshika mbavu kama mkwe anayemdai mahari.

Muhanga akaruka. "Wewe Ngiri! Njoo huku! Njoo huku nakuambia!"

Uso wa Ngiri ukang'aa. "Umeniita!" akapiga kelele. "Mke wangu, umesikia? Ameniita! Kaniita mwenyewe kwa mdomo wake! Haya, fundi, sita basi?"

"Toka nyumbani mwangu!"

"Saba, na sisemi tena!"

Muhanga akajaribu kumvuta. Ungemshika wapi? Kila alipotia mkono alikutana na jino. Alivuta huku jino, akavuta huku jino, akavuta katikati mdomo wenyewe. Ngiri alijaribu kupanda, tope likamrudisha. Na wakiwa katika hali hiyo, Fisi akatokea, anachechemea, anacheka peke yake kama ilivyo ada yake.

"Ndiyo hii nyumba?" akasema. "Ishirini si kitu kwangu. Ngoja niitazame ndani."

Jua lilikuwa limekwisha kuegemea, na mlangoni pana kiza. Fisi akainama akasogeza pua. Akaona meno mawili. Akaona vinundu. Akaona macho mawili mekundu yenye hamu kubwa ya kuitwa.

"Unatoa ngapi?" yakauliza macho.

"Mama yangu!" Fisi akarudi nyuma akapinduka. "Nimekuja kununua nyumba, sikuja kuliwa na nyumba! Ina meno! Nyumba ina meno, tena inaulizia bei!" Akatimka, na alikopita aliwaambia wote, na waliosikia wakawaambia wengine, na kabla jua halijazama nyika nzima hapakuwa tena na mtu anayetaka hiyo nyumba.

Muhanga akakaa topeni, masikio yakaning'inia.

Bi Mashavu akajiinua. Uchungu ulikuwa unamjia na kwenda, lakini sasa hivi ulikuwa umekwenda, akautumia huo mwanya. "Fundi," akasema, "kabla ya yote niambie kitu kimoja. Mbona siku zote hizo hukumwita mume wangu?"

"Kumwita?" Muhanga akashangaa. "Mtu ameshaaga, amekupa kisogo, yuko njiani, umwite? Kwetu huo ni mkosi mkubwa. Ukimwita aliyekwisha kuondoka unamvunjia safari. Nami nilimwona ana haraka ya kwenda."

"Haraka? Kobe alimpita!"

"Hilo nilisikia. Nikadhani ana maradhi ya magoti. Nilimwonea huruma sana."

Bi Mashavu akacheka. Hakutaka kucheka, tumbo liliuma, lakini akacheka mpaka akashika mti. Kisha akawa makini.

"Sikiliza, fundi. Fisi harudi. Nyumba yako ina meno mlangoni, hakuna atakayeinunua ila mwenye meno yake. Pili, leo umeshiba. Lakini kumbikumbi ni wa masika, na masika yana mwisho. Kiangazi kitarudi, utarudi kuramba mawe. Siku hiyo utavitaka vichuguu, na nani atakuonyesha? Sisi tunavyo kumi, vimenona. Uliomba kumi siku ya kwanza. Nakupa kumi."

Muhanga akafikiri. Akatazama meno. Akatazama mawingu. Ulimi wake ukakumbuka ladha ya mawe.

"Sema sita!" ikatoka sauti mlangoni. "Mke wangu, sema sita! Bei imelegea!"

"Nyamaza," akasema Bi Mashavu. "Wewe ni mlango tu."

"Kumi," akasema Muhanga. "Haya."

"Haya," akasema Bi Mashavu.

Wakapeana mikono, na biashara ikaisha kwa muda wa kupiga chafya moja. Mvua ikaanza tena, matone makubwa, na uchungu nao ukarudi kwa nguvu. Bi Mashavu akafika mlangoni, uso kwa uso na mumewe.

"Rudi nyuma," akamwambia.

"Nirudi wapi, mke wangu?"

"Ndani. Kwako."

Ngiri akatega masikio. Kwako! Neno hilo hakuwahi kuambiwa maisha yake yote. Akasukuma kwa makalio, tope likaachia, akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka mwisho kabisa wa nyumba, mahali ambapo udongo ulikuwa mkavu na wenye joto. Bi Mashavu akaingia akamfuata. Mvua ikabaki nje, inalia peke yake.

Watoto walizaliwa wanne. Hata mmoja hakuloa. Ngiri aliwanusa mmoja mmoja, akawanusa tena, akalia waziwazi mbele ya mkewe, wala hakusema anatafuta mizizi.

Asubuhi Kekeo akatua mlangoni. "Nimesikia mmeipata kwa kumi! Kutoka ishirini mpaka kumi! Nilisema au sikusema? Itashuka tu!" Akachungulia ndani, akashusha sauti. "Jamani, hamna nafasi ya yai moja?"

Bi Mashavu alichomjibu sitakisema, kuna watoto hapa.

Tangu siku ile Ngiri haingii nyumbani kwake kama wanyama wengine. Nendeni mkamwangalie. Jioni akifika mlangoni hugeuka, akatanguliza makalio, akaingia kinyumenyume huku uso umeelekea nje. Wanawe wakimuuliza sababu, huwaambia ni kwa ajili ya ulinzi, meno lazima yakae mlangoni. Nao wamemwamini, wanaingia vivyo hivyo, na wana wao pia.

Lakini Bi Mashavu hakudanganyika. Alikuwa akilala pale nyuma akimtazama mumewe alivyoelekeza uso kule mteremkoni kwa Muhanga, masikio yamesimama. Nyumba alikwisha kuilipia, vichuguu vilikwisha kuliwa, watoto walikwisha kuota meno. Naye bado anangoja aitwe, aambiwe, "Wee, njoo basi, sita."

Hadithi yangu imeishia hapo, na bei yake ni ileile ya kwanza, haipungui.